Nikimaliza Nitagonga

2 Machi

Mwanangu Fundi,

Pokea salamu za shangazi yako. Huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunaamka na tunakwenda kazini. Goti langu la kushoto linalia nikipanda ngazi, na la kulia nalo limeanza kulisindikiza. Bi Wanga anakusalimu. Bado tunapiga pasi meza moja hapa kwa dobi, yeye upande wa dirisha, na bado wateja wapya wanaliogopa jina lake mpaka waelezwe kwamba kazi yake ni kutia nguo wanga, si kuroga. Juzi bwana mmoja alilalamika kwamba kola yake imekakamaa. Bi Wanga akamwambia, "Baba, ningekuwa mchawi ningeanza na shingo yako." Tulicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona haya, maana ni miezi miwili tu tangu tumzike mwanangu.

Sanduku lake limefika. Ahsante kwa kulifunga vizuri kwa kamba. Nimetoa kitu kimoja kimoja nikakiweka juu ya kitanda chake: sweta mbili, viatu vya baridi, madaftari saba, miwani, kikombe kisicho na mkono. Soksi za sufu bado zina umbo la miguu yake. Sijazifua. Nafua nguo za mji mzima, nimeshindwa na jozi moja ya soksi.

Kitu kimoja sikukiona. Kile kitambaa cheupe cha kupigia pasi, kizito, chenye alama ya kuungua pembeni, umbo la pua ya pasi. Nadhani unakikumbuka. Alikuwa na miaka tisa, umeme umekatika, natumia pasi ya makaa. Akaniuliza, "Mama, pasi si nyekundu. Sasa moto uko wapi?" Nikachukua kiganja chake nikakisogeza karibu na chuma, bila kugusa, nikamwambia, "Huo hapo. Si kila joto linaonekana." Tukiwa katika hayo pasi ya pili ikaunguza kitambaa. Siku hiyo ndiyo tulimpa jina la Maswali. Alipoondoka kwenda chuo, katika vitu vyote vya nyumba hii aliomba kile kitambaa, na baadaye akapanda nacho mpaka huko mlimani kwenu. Naomba unitafutie.

Tena, ofisi yenu imeniletea karatasi. Imeandikwa kwamba kifo kilitokana na uzembe wa marehemu, aliyeweka jiko la makaa katika chumba kisichopitisha hewa. Wanataka nitie sahihi kwamba nimekubali, ili jalada lifungwe. Nimeisoma mara nyingi. Wewe ulikuwa naye kituo kimoja huko kwenye darubini. Niambie ilikuwaje.

Ni mimi,
Shangazi yako


21 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo. Gari la mahitaji hupanda huku mara moja kila wiki mbili, na simu haishiki kabisa, kwa hiyo usione kimya ukadhani nimekutupa. Mimi ni mzima. Mpishi anakupa pole tena. Anasema nikizidi kukonda watanituma kwako nitundikwe kwenye kamba pamoja na mashati.

Umeniuliza ilikuwaje. Nimeona kwanza nikueleze kazi yake, maana kwenye mazishi hapakuwa na nafasi.

Dada alikuwa anaangalia galaksi, yaani kundi kubwa la nyota, nyingi kuliko mchanga unaoweza kuubeba. Iko mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla hapajakuwa na mtu wa kuungoja. Ukiitazama kwa mwanga wa kawaida unaona vumbi tu katikati. Kwa hiyo tunaitazama kwa miali ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Ni ile ile uliyomwonyesha kwenye pasi. Miali hiyo hupenya vumbi, na vumbi likishapenywa inatokea fimbo ya nyota, imenyooka, imepita katikati kabisa. Kila ncha ya fimbo imetoa mkono mmoja, huu umezungukia huku, na ule umezungukia kule.

Kwenye orodha yetu galaksi hiyo ina namba tu. Yeye aliiita Shuka. Alisema inafanana na shuka iliyoshikwa na watu wawili wakiikamua: katikati imesokotwa mpaka imekuwa fimbo, maji yanaruka kwenye ncha. Mkuu wa kituo alikataa jina hilo wiki ya kwanza. Wiki ya pili tukamsikia mwenyewe anauliza, "Shuka imeshachomoza?"

Nimekuwekea picha yake humu ndani. Ndiyo nzuri kuliko zote tulizopata.

Kuhusu karatasi ya ofisi, naomba uitie sahihi, shangazi. Haitamrudisha wala haitamwondoa. Mkuu amesema jalada likifungwa, jina la dada litatangulia majina yote kwenye matokeo ya Shuka.

Kitambaa nitakiulizia.

Mwanao,
Fundi


9 Aprili

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Nimefurahi kusikia u mzima, ingawa mpishi ananipa picha tofauti. Kula. Siku ya mazishi nilikuona umesimama nje, uwanjani, mvua inakunyeshea, na kila sahani iliyopita uliiangalia kama inakudai. Hukuingia ndani hata mara moja. Nilidhani ni majonzi, nikakuacha.

Picha ya Shuka nimeibandika ukutani juu ya meza ya kazi. Bi Wanga ameitazama kwa muda, akasema, "Shuka yenyewe imekamuliwa vibaya, bado inachuruzika." Lakini nimemwona akiingia asubuhi anaisalimia kabla yangu. Mwanangu alisema kweli. Ni sisi wawili kabisa, mimi upande huu na yeye upande ule, uani, tukikamua shuka za hospitali. Alikuwa anapenda kusokota kwa nguvu mpaka ananivuta. Nami nilikuwa namwachia makusudi, aone amenishinda.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini kuandika. Umenieleza nyota vizuri sana, baba. Hukunieleza chumba.

Maswali alikulia kwenye makaa. Kabla hajajua kuandika jina lake alikuwa anajua kwamba jiko halilali ndani. Alimgombeza Bi Wanga, mtu mzima, kwa kufunga dirisha wakati pasi zinapata moto. Mtoto wa namna hiyo hawezi kujifungia na makaa kwa uzembe. Na hiki chumba kisichopitisha hewa ni kipi? Barua yake ya kwanza ninayo hapa. Anasema juu ya kitanda kuna tundu la hewa, upepo ukivuma linapiga mluzi, amelipa jina la Mpiga Filimbi. Siku ile Mpiga Filimbi alikuwa wapi?

Karatasi sijaitia sahihi. Wamenikumbusha mara mbili. Jina la kwanza kwenye Shuka ni jambo kubwa, najua angelitaka. Lakini siwezi kumnunulia jina mbele ya watu kwa neno "uzembe."

Na kitambaa?

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, barabara ilikatika wiki nzima. Mimi sijambo. Mpishi ameungua mkono kidogo, anaendelea vizuri.

Kitambaa naomba usikihangaikie. Kilikuwa na masizi, na kilichanika tulipokitoa, kwa hiyo nikaona si cha kukutumia. Nitakununulia kingine kizuri nikishuka.

Karatasi tafadhali malizana nayo. Itatusaidia sote kupumua.

Mwanao,
Fundi


17 Mei

Fundi,

Marahaba. Mwambie mpishi apake asali. Goti ni lile lile.

Umeandika: kilichanika tulipokitoa.

Mlikitoa wapi?

Shangazi


30 Juni

Mwanangu,

Gari limepanda mara tatu na kushuka mara tatu. Nimehesabu kwa kalenda ya ukutani.

Nilikuchukua ukiwa na miaka minne, baba yako alipofariki. Nyumba ilikuwa na kitanda kimoja cha watoto, mkalala wawili, kichwa huku na kichwa kule. Ukivunja kitu ulikuwa hukani. Ulikuwa unakwenda kukaa nyuma ya kapu la nguo chafu, unangoja nije nikuulize. Kwa hiyo nilikuwa naanza na kapu, halafu natafuta kilichovunjika.

Basi nimekuja kwenye kapu. Mlikitoa wapi kitambaa cha mwanangu?

Shangazi yako


24 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Leo habari za mpishi na za barabara nitaziacha.

Tulikitoa kwenye tundu la hewa.

Kwa wiki zile tatu za Shuka, mkuu aliagiza vipasha joto vya vyumba vyetu vyote vizimwe. Darubini hii inatafuta joto, na vyumba viko karibu mno na kuba lake. Hewa ya moto ikitoka kwetu inapanda mbele ya darubini, picha inatetemeka kama lami wakati wa jua kali. Tulilala na makoti. Siku ya kumi na mbili dada akashikwa na homa. Alitetemeka mpaka kalamu ikamponyoka.

Jiko nililipeleka mimi. Niliomba jikoni kwa mpishi, nikawasha makaa nje, nikangoja yashike yote, yasitoe moshi, kama ulivyotufundisha. Nilipoliingiza alisema, "Mama akijua atatuchapa wote wawili." Nikamwambia, "Tundu liko wazi, mwache Mpiga Filimbi afanye kazi." Akacheka, akajifunika.

Saa kumi alasiri mkuu alinipa kamera ya joto, ile ndogo ya mkononi, nizunguke majengo kwa nje nitafute panapovuja. Kwenye kioo chake penye baridi ni peusi, penye joto ni peupe. Ukuta mzima ulikuwa mweusi isipokuwa tundu la chumba chake. Lilikuwa linawaka kama taa. Nikamgongea dirisha. Nikasema kwa utani, "Dada, Mpiga Filimbi wako anaharibu Shuka. Hebu mzibe mdomo."

Akasema, "Na makaa?"

Nikasema, "Nusu saa tu, tufanye majaribio. Nikimaliza nitagonga, uzibue."

Akasema, "Usinisahau, Fundi." Alisema huku anacheka. Nikasikia anapanda juu ya kitanda. Hakuwa na kitu kingine kizito karibu, akachukua kile kitambaa.

Nikainua kamera. Weupe ulipungua, ukawa wa kijivu, halafu tundu likawa jeusi sawasawa na ukuta. Nilifurahi, shangazi. Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo. Niliona peusi, nikafurahi.

Majaribio yalichukua dakika ishirini na tano. Kisha mawingu yakafunguka upande ule ule tuliokuwa tunautaka tangu wiki iliyopita, na mkuu akasema tusipoteze nafasi, tuielekee Shuka mara jua likizama. Tukahangaika kuitayarisha darubini mpaka jua likazama, kisha ile fimbo ikatokea kwenye skrini bila kutetemeka, kwa mara ya kwanza. Tuliitana. Hata mpishi alikuja na mwiko mkononi. Nikasema, "Ngoja nikamwite mwenyewe aje aone." Mkuu akasema, "Ana homa, mwache alale." Nikamwacha alale.

Nilipokwenda kugonga yalikuwa yamepita masaa matatu.

Nilivunja mlango. Kitambaa nilikivuta mimi, kikachanika. Ninacho. Kimekuwa chini ya godoro langu tangu siku ile.

Kwenye maelezo yangu kwa ofisi niliandika kwamba sijui jiko liliingiaje chumbani. Mkuu hakuandika lolote kuhusu vipasha joto. Tulitia sahihi siku moja, kwa kalamu moja.

Na picha uliyoibandika ukutani ni ya jioni ile. Sikupaswa kukutumia. Nilikutumia kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote.

Fundi


5 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni ya pili bila marahaba yako, na sikulaumu.

Nimemwandikia mkuu maelezo mapya, yote, kama nilivyokuandikia wewe. Akayasoma akiwa amesimama. Akasema jalada ni kama sufuria ya maziwa, ukilifunua kila mara linaharibika. Nikapeleka nakala ofisi kuu mwenyewe, nikaegemea kaunta mpaka ikagongwa muhuri. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya kuondoka. Nitashuka na gari la mwisho wa Oktoba.

Jina la dada halitatangulia. Mkuu amesema kwa kuwa familia imekataa kufunga jalada, Shuka itatolewa kwa jina la kituo. Nimeona rasimu. Wameandika ile namba tu. Neno Shuka halimo hata mara moja.

Sijui niende wapi nikishuka. Nimekuandikia ili ujue, si ili unijibu.

Fundi


19 Oktoba

Fundi,

Marahaba. Zote mbili.

Bi Wanga hajambo, ila vidole vimeanza kumkatalia. Goti langu nimelizoea. Mvua zimeanza, nguo hazikauki, wateja wanatuchukia.

Barua yako ya Julai niliisoma nikiwa nimesimama karibu na meza, na pasi iko chini ya mkono wangu. Nimeunguza shati la mwalimu mmoja, jipya. Sikuweza kumweleza kwa nini. Picha niliigeuza, uso ukutani. Ikakaa hivyo wiki tano. Bi Wanga hakuuliza, na wewe unajua yeye kutouliza ni ugonjwa. Halafu asubuhi moja niliigeuza tena, kwa sababu ni kazi ya mwanangu na haikumkosea. Nikaweka kiganja karibu nayo bila kugusa, kama nilivyomfundisha. Haina joto. Ni karatasi.

Nimewaza sana juu ya ile nusu saa. Alikuuliza, "Na makaa?" Nimeshukuru kwamba aliuliza. Hakusahau nilichomfundisha. Alikuwa na homa, nawe ulikuwa ndugu aliyelala naye kitanda kimoja, ukamwambia utagonga. Angekuwa anakuamini kidogo tu, leo angekuwa hai.

Karatasi ya ofisi nimeirudisha. Palipoandikwa "uzembe wa marehemu" nimepiga mstari kwa rula. Mahali pa sahihi nimeandika hivi: Hakuzembea. Alikuwa anangoja kugongewa. Wafunge jalada lao na hilo ndani, au waliache wazi lioze. Wa kugonga sikumtaja. Umekwisha kujitaja.

Usiniulize kama nimekusamehe. Kuna siku ninaamka na chuki yako tayari iko mdomoni kabla sijakumbuka inatoka wapi. Kuna siku nyingine ninaamka namwona mtoto wa miaka minne nyuma ya kapu. Sijui ni ipi itakuwepo siku utakayofika. Sitakudanganya.

Lakini shuka za hospitali zinakuja kila Jumatatu, na Bi Wanga hawezi tena kushika ncha. Naifunga ncha moja kwenye nguzo ya kamba, nasokota ya pili peke yangu. Maji hayatoki yote. Nguzo haisokoti kurudi upande wako.

Soksi nimezifua. Zimekuwa soksi tu.

Njoo na kitambaa kama kilivyo, na masizi yake. Usikifue wewe. Na ukifika usisimame uwanjani kama siku ile. Mashine zina kelele na sikio langu moja limeanza kuchoka, kwa hiyo gonga. Nisiposikia, gonga tena.

Shangazi